Tupeane uzoefu: mdadisi wa takwimu alikuja ukiwa huna kazi, ulihesabiwa vipi?

KalamuKavu:
Wakuu habari za jioni. Leo wamesoma takwimu za ukosefu wa ajira nikakumbuka kitu ambacho mpaka leo kinanikera. Nilikuwa na miezi nane sina kazi, akaja dada mmoja mpole na kishikwambi chake, utafiti wa nguvukazi, akaniuliza katika siku 7 zilizopita umefanya kazi yoyote ya malipo au ya faida hata kwa saa 1? Nikamwambia kazi sina. Akarudia, hata saa 1? Nikakumbuka Jumanne nilimsaidia jirani kushusha mbao kwenye gari akanitoa kidogo. Akabonyeza, akaanza kuniuliza kazi yako kuu ni ipi, mwajiri wako ni nani. Kazi yangu kuu! Barua za maombi niliziweka kwenye bahasha ya kaki nimwonyeshe, hakuiomba. Nikaandikwa mshusha mbao, nikaingia kwenye walioajiriwa. Nani mwingine yamemkuta?

BintiWaJuzi:
Mimi nilimsuka binamu yangu Jumamosi akanipa hela ya vocha, nikaandikwa msusi. Iliniuma.

Mwanamageuzi77:
Ndo mjue wanapika namba hao. Saa moja kwa wiki ndo ajira? Wanataka tu waonekane wametengeneza ajira.

DodosoMkononi:
Mwanamageuzi punguza jazba mkuu, mimi nimekuwa mdadisi awamu mbili, najua ninachosema. Hiyo saa 1 haikutungwa na serikali yako wala yangu, ni kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, wanatakwimu wa kazi waliipitisha Geneva 1982 na walipokutana tena 2013 wakaiacha. Wanataka kila jasho lenye malipo lihesabiwe, na kila mtu akae kundi moja tu: mwenye ajira, asiye na ajira, au aliye nje ya nguvukazi. Ukishapata hata saa 1 hilo la kwanza limekubeba. Ila KalamuKavu, mbele kidogo kuna maswali ya saa, ulifanya saa ngapi, ulitaka zaidi, ulikuwa tayari kufanya zaidi? Ukijibu ndiyo unaingia kwenye ajira pungufu, yaani una kazi ila saa hazikutoshi. Namba yako ipo, sema kwenye habari husikii inasomwa.

KalamuKavu:
Aliniuliza kweli, nikajibu kwa hasira kwamba nataka saa zote zilizopo duniani. Sijui aliandika nini.

MamaWawili:
Yangu ni kinyume. Nilituma maombi mwaka mzima mpaka nikaona haya kuomba tena hela ya kutolea kopi vyeti, nikaacha. Dada akauliza, ndani ya wiki 4 zilizopita umefanya nini kutafuta kazi? Nikasema sijafanya kitu. Akauliza, kazi ikipatikana sasa uko tayari kuanza? Hata kesho. Baadaye ndo nikaelewa kwamba sikuhesabiwa kama mtu asiye na ajira, niliwekwa nje ya nguvukazi kabisa, kundi moja na wanafunzi na wastaafu. Mimi niliyeacha kulala kwa kuwaza kazi!

Hesabu_Safi:
Na hapo ndipo watu wanapopotea. Chukueni watu 100 wa umri wa kufanya kazi, 54 wana kazi, 6 wanatafuta, 40 wako nje. Asilimia ya ukosefu wa ajira haigawanywi kwa 100, inagawanywa kwa 60, yaani nguvukazi, wenye kazi jumlisha wanaotafuta, kwa hiyo ni 10%. Sasa akina MamaWawili 2 wakikata tamaa, wanaotafuta wanabaki 4 kati ya 58, inashuka mpaka kama 6.9%. Hakuna hata mmoja aliyepata kazi! Kinachowafichua ni ushiriki katika nguvukazi, umeshuka toka 60 mpaka 58. Ukisikia ukosefu umepungua uliza kwanza ushiriki umekwendaje.

Mwanamageuzi77:
Sasa si ndo nilichosema? Wanapika.

DodosoMkononi:
Siyo kupika. Waliokata tamaa wanaandikwa mstari wao, wanaitwa nguvukazi tarajiwa. Makosa yapo, sikatai. Marekani Aprili 2020 walitangaza 14.7%, halafu ofisi yenyewe ya takwimu ikaeleza wazi kuwa wafanyakazi wengi waliofungiwa kazi kwa korona waliandikwa kama wana kazi ila hawakuwepo kazini, wangepangwa sawasawa ingepanda kwa karibu pointi 5 zaidi. Mpishi hatangazi kosa lake.

Mwanamageuzi77:
Hapo sawa. Ila saa moja sikubali mpaka nakufa.

Jua_La_Saa_Sita:
Nilikuwa nasoma tu ila ngoja niseme, sijawahi kumwambia mtu. Nilipunguzwa kazini nikashindwa kumwambia mke wangu. Kila asubuhi navaa, nabeba begi lenye chupa ya maji na vyeti, natoka saa 1, narudi saa 12 jioni. Miezi minne. Ofisi nilizoweza kuingia niliingia, zikiisha nakaa kituo cha mabasi nabadilisha benchi ili wasinizoee, hela ya nyumbani natoa kwenye akiba huku naiona inaisha. Siku moja narudi, mke wangu yuko na furaha ananihadithia, leo kapita mtu wa takwimu, kaniuliza habari za kila mtu humu ndani, nikamwambia baba yupo kazini. Akaniuliza anafanya saa ngapi kwa wiki nikamwambia saa 45, maana hukosi hata siku. Alikuwa anajivunia jamani. Nilikwenda kuoga nikafungulia maji yamwagike ndooni ili asinisikie. Mtu niliyekuwa natafuta kazi kuliko wote mtaa ule, nimeandikwa saa 45.

BintiWaJuzi:
Pole sana kaka yangu. Nimesoma mara mbili.

DodosoMkononi:
Pole mkuu. Kanuni inaruhusu mmoja ajibie kaya nzima kama mhusika hayupo, tukirudi mara mbili tatu bila kumkuta tunachukua hayo. Nitakuwa nimeandika saa 45 za watu wengi namna hiyo.

MamaWawili:
Mimi nasema kila mtu ajibu mwenyewe, hata kwa simu.

KalamuKavu:
Na mimi wakija tena hizo mbao sizitaji.

DodosoMkononi:
Taja. Ukificha unatuharibia hata hiyo ajira pungufu.

Bi_Mkubwa_Mdogo:
Na sisi tunaouguza wakwe na kuchota maji toka alfajiri? Nilijibu sifanyi kazi huku mikono imelowa sabuni.

DodosoMkononi:
Dada, 2013 ndo wamekubali rasmi kwamba hiyo ni kazi, ila siyo ajira kwa kuwa haina malipo. Hata anayelima chakula cha nyumbani tu ametolewa kwenye ajira. Ulichojibu wewe "sifanyi kazi" siyo sahihi hata kwa kanuni.

Bi_Mkubwa_Mdogo:
Basi nirekebishieni.

Hesabu_Safi:
Jua, mkeo alikuja kujua?

Jua_La_Saa_Sita:
Nilimwambia wiki mbili baadaye. Hakugomba. Alinyamaza kitambo akaniuliza, zile saa 45 ulikuwa unakaa wapi?