Eti Russell Thompkins Jr. ni "dada"! Huyu mtangazaji wa zilipendwa kanichefua kabisa

Wakuu, nina hasira hata ugali haupiti.

Yule jamaa wa zilipendwa za Jumapili usiku, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule anayecheka kabla hajamaliza kichekesho chake. Muda huu huu kaweka I'm Stone in Love with You ya The Stylistics. Nimeongeza sauti, nimewanyamazisha watoto, mwimbaji wao Russell anaanza kupanda, mtu anaingilia katikati ya ubeti: "Aisee huyu dada ana sauti tamu!"

DADA!

Mwanaume mzima wa Philadelphia! Ile ni falseto, sauti nyembamba ya juu ya mwanaume, bwana wewe. Ukiijaribu bafuni balozi wa nyumba kumi anakuja na mashahidi. Kundi lile lilikuwa la wanaume watano, na hiyo Round 2 ya mwaka 1972, yenye wimbo huu, ni albamu yao ya pili. Kama alikuwa na kiu ya kumsifia dada, si angemtaja Linda Creed, aliyetunga wimbo huohuo na mtayarishaji wao Thom Bell? Huyo ndiye dada! Lakini atamjuaje, hata karatasi ya mbele yake hasomi.

Halafu wimbo unafika pale patamu, vayolini za Thom Bell zimejaa, anaukata. Tangazo la magodoro. Akirudi hewani anarudia tena: "Tulikuwa na dada yetu kutoka Marekani." Dada yetu! Marehemu babu yangu kageuka kaburini, na hata redio hakuwa nayo.

Albamu iliyotoa Break Up to Make Up, wimbo uliofika namba 5 kwenye chati za Marekani mwaka 1973, leo inaitwa ya dada.

Kanda_Mbili: Mkuu, uzi mzima kwa neno moja? Kunywa maji ulale, kesho kazini.

Mama_Tabata: 😂😂 Mwenzenu miaka yote nilijua ni mwanamke. Kumbe?

Mleta uzi: Dada yangu, wewe sikulaumu, hulipwi kujua. Yeye analipwa! Na kasema mara mbili, hewani, nchi nzima inasikia.

Santuri_Kuukuu: Labda kachanganya. Kwenye albamu hiyohiyo kuna You'll Never Get to Heaven, na huo mwanamama Dionne Warwick aliuimba tangu 1964.

Mleta uzi: Usimtetee! Huo hakuuweka. Kaweka Stone in Love, kamsikia Russell kwa masikio yake mawili, akasema DADA.

Mtoto_wa_Temeke: Round 2 yenyewe ya kawaida tu. Moto ni ya tatu, ya 1973, yenye You Make Me Feel Brand New. Pale anafungua mwenzake Russell, Airrion Love, kwa sauti nzito, hata huyo mtangazaji wenu asingekosea.

Mleta uzi: Ya kawaida?? Rudia kuisikiliza, kisha uje uombe radhi.

Santuri_Kuukuu: Wote mmechelewa. Thom Bell kabla ya hao aliwapika kundi la The Delfonics. Anzeni huko ndipo mbishane.

Kanda_Mbili: Ila kweli watangazaji wanakera. Kuna mwingine wa asubuhi anaimba juu ya wimbo, tena anakosea maneno.

Jirani_Mwema: Nyie mnalia na redio. Sisi juzi MC wa harusi kasimamisha muziki bibi harusi akiwa mlangoni, eti atangaze kwanza namba yake ya simu.

Mama_Tabata: Ngoja. Ana koti la kijani linalong'aa?

Jirani_Mwema: Huyohuyo!!

Mama_Tabata: Weee! Kwetu alipakua chakula kabla ya wazazi wa bwana harusi. Paja zima la kuku mkononi, huku anatuita tusimame tuombe.

Mtoto_wa_Temeke: 😂😂😂 Kwa shemeji yangu kamtaja bibi harusi kwa jina la yule wa zamani. Ukumbi uliganda.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mtu kamuita Russell Thompkins Jr. dada!

Jirani_Mwema: Mkuu subiri kidogo. Mama Tabata, nyie advansi yenu aliwarudishia?

Mama_Tabata: Advansi gani? Simu yenyewe hapokei mpaka leo.

Kanda_Mbili: Pigeni kwa namba ngeni. Kwangu alipokea hivyo, akajua ni kazi mpya.