Mzee anataka asilimia kumi ya kodi ya ploti ilipe karo za watoto wasiojiweza. Familia nzima ianzie wapi?

Kifunguamimba_Mwiki
Habari zenu wakuu. Mzee ana ploti Mwiki, vyumba 12, kila kimoja shilingi 8,500 kwa mwezi. Amesema asilimia kumi ya kodi isomeshe watoto wa sekondari wasiojiweza, akiwa hai na hata akishaondoka. Mama yupo. Tuko ndugu wanne, mmoja yuko Marekani, na wajukuu ni saba, wa miaka 6 hadi 17. Mzee hataki kutoa kimyakimya, anataka sote tushike jambo hili. Tuanze na kikao au na wakili? Wajukuu wanaingia wapi? Na tufanye nini lisije likazikwa pamoja naye?

Karani_wa_Hesabu
Anzeni na kikao, na ajenda iwe moja tu: asilimia kumi ya nini?

Vyumba vyote vikiwa na wapangaji mnakusanya 102,000 kwa mwezi. KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inachukua asilimia 7.5 ya kodi yote kabla ya gharama, yaani 7,650, na inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Tuseme msimamizi wa ploti, maji na taka ni 14,000, na ukarabati mnatenga 5,000. Mnabaki na 75,350. Asilimia kumi ya hiyo ni 7,535, wala si 10,200 aliyonayo mzee kichwani. Hiyo tofauti ya 2,665 ndiyo itakayowagombanisha mwaka wa tatu, siku tangi limepasuka na vyumba viwili viko wazi. Andikeni hesabu yenyewe kwenye kumbukumbu za kikao, mstari kwa mstari.

Msidanganywe pia kwamba sadaka itawapunguzia ushuru. Ushuru huo wa kodi ya nyumba hauruhusu kukata gharama yoyote, mchango ukiwemo. Mzee anaweza kumwandikia Kamishna ajiondoe, atozwe kwa faida ya mwaka kama mapato mengine. Hata hivyo mchango utakatwa tu ukienda kwa shirika lenye cheti cha msamaha wa ushuru. Karo ya mtoto mmoja iliyolipwa moja kwa moja shuleni haihesabiwi.

Sasa karo. Kiwango cha serikali kwa shule za bweni za daraja la juu kimekuwa 53,554 kwa mwaka, na hulipwa kwa mgao wa 50:30:20. Muhula wa kwanza basi ni 26,777, wa pili 16,066, wa tatu 10,711. Januari ndiyo inayoua. Akiba ya 7,535 inahitaji miezi minne kufika hapo, kwa hiyo anzeni kuweka Septemba kwa mtoto wa Januari. Kwa mwaka mnapata 90,420: mtoto mmoja kamili, na 36,866 za sare, sanduku, godoro na miezi ya vyumba vitupu. Wa pili msimchukue mwaka wa kwanza hata kama roho inauma. Gredi ya 10 hadi 12 ni 160,662, na kumwacha mtoto njiani Gredi ya 11 ni vibaya kuliko kutomchukua.

Mwalimu_Mstaafu_K
Nyongeza kwa Karani. Pesa ziende kwenye akaunti ya shule iliyochapishwa kwenye barua ya kujiunga, pamoja na nambari ya usajili ya mwanafunzi. Zisipite kwa simu ya mzazi, wala ya mwalimu. Kabla ya kulipa kila muhula, ombeni taarifa ya salio kutoka ofisi ya basa, yaani mhasibu wa shule. Wengi wa hawa watoto wana basari, yaani msaada wa karo wa serikali au wa kaunti, ambayo huingia imechelewa. Mkilipa zote, salio linabaki shuleni likimngoja mwakani huku mwenzake amefukuzwa karo.

Wajukuu: wa miaka 6 hadi 9 msiwape hotuba. Wapeni kitu cha kushika. Wahesabu vitabu, waandike majina ya vifaa kwenye sanduku kwa kalamu isiyofutika. Wa miaka 10 hadi 13 wapeni fungu lao, tuseme 3,000 kwa mwaka kutoka zile za ziada, waamue wenyewe liende wapi na waeleze sababu mbele ya babu. Wakikosea, wakikosea. Hao wa 15 hadi 17 ndio makarani wenu: mmoja atunze daftari, mwingine asome muundo wa karo na kuuliza kila ada isiyoeleweka. Kazi hiyo izunguke kila mwaka, isigeuke adhabu ya mtoto mmoja mwenye bidii.

Na tafadhali, picha ya mtoto anayesaidiwa isiwekwe kwenye WhatsApp ya ukoo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi, na hata bila sheria, huyo ni mtoto wa watu. Kwenye kundi mwiteni "mwanafunzi wa kwanza", inatosha.

Wakili_Mtaani
Swali la kuzikwa pamoja naye ni langu. Neno la mdomo halitasaidia: wosia wa mdomo Kenya unahitaji mashahidi wawili, na unakufa ikiwa mwenyewe ataishi zaidi ya miezi mitatu baada ya kuutamka. Mzee akifa bila maandishi, ploti inagawanywa kwa Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na hiyo asilimia kumi haimo.

Wosia wa maandishi hauhitaji muhuri wala karatasi ya bei. Unahitaji sahihi yake na mashahidi wawili au zaidi walioiona sahihi hiyo, au waliosikia akikiri ni yake. Watu huangukia hapa: shahidi akiwa mrithi, au mke au mume wa mrithi, zawadi ya mrithi huyo inabatilika isipokuwa kuna mashahidi wengine wawili huru. Kwa hiyo mkaza mwana aliyekuja na chai asiitwe kutia sahihi. Iteni majirani. Na mzee akioa tena, wosia wa zamani unafutika, ila kama uliandikwa kwa kutazamia ndoa hiyo.

Pili, kifungu cha 26 cha sheria hiyo ya urithi. Mtegemezi, mke na watoto wakiwemo, anaweza kuiomba mahakama igawe upya kama hakutengewa kinachomtosha, mradi aende kabla cheti cha usimamizi wa mirathi hakijathibitishwa na mahakama. Ndiyo maana kikao kina uzito kisheria. Asiyejua kitu huenda mahakamani, aliyekaa mezani akaona hesabu ya Karani hupoa. Na kama ploti ilijengwa wakiwa na mama, muulizeni mama kwanza. Fungu lake si la mzee kuligawa.

Mkitaja shirika, liandikwe kwa jina la usajili na nambari yake, na muongeze: kama halipo tena, wasii (msimamizi wa wosia) achague lenye kazi hiyo hiyo. "Watoto yatima wa Kasarani" si jina la mtu wala shirika, ni kesi.

Ardhi_Tu
Wakili, mbona humwambii habari za trasti ya familia, ambapo mali hushikwa na wadhamini kwa niaba ya familia? Tangu marekebisho ya 2021 zinatambuliwa wazi, na hazingoji kesi ya urithi.

Wakili_Mtaani
@Ardhi_Tu sijaisahau, ila kwa 7,535 kwa mwezi ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mchuzi. Ada za wakili, hesabu za kila mwaka, wadhamini wa kutafuta. Ploti zikiwa tatu nne, sawa. Na kosa ninaloliona kwenye makaratasi ni lile lile: hati ya trasti imesajiliwa vizuri, lakini hati miliki ya ploti bado ina jina la mzee. Trasti hiyo ni kapu tupu. Kuhamisha hati kunataka ridhaa ya mke, na ya benki kama kuna mkopo juu yake.

Ustadh_Pangani
Kama mzee ni Mwislamu, aliyosema Wakili kuhusu Sura ya 160 hayahusu mirathi yake, mambo huenda kwa Kadhi. Wasia hauvuki theluthi moja, baada ya gharama za mazishi na madeni, na haumwendei mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Akitaka jambo lidumu, aweke wakfu chumba kimoja akiwa hai na mzima, amtaje msimamizi wake. Chumba kimoja cha 8,500 kinazidi hata ile 7,535, na hakuna atakayeuliza asilimia ya nini.

Kifunguamimba_Mwiki
Asanteni sana. Sisi ni Wakristo, ila wazo la chumba nimelipenda, nitampelekea mzee. Mawili yamebaki. Ndugu yetu mmoja anasema binamu zetu kijijini hawana karo, kwa nini tusomeshe wageni? Na mzee ana hisa za sacco, anataka nazo ziingie humo.

Mwalimu_Mstaafu_K
Ndugu yako hajakosea. Tengeni makapu mawili tangu mwanzo, la ukoo na la nje, kila moja na kiwango chake. Ombi la jamaa likija, mzazi wa mtoto huyo atoke chumbani wakati wa kura, na wa Marekani apige kura kwa simu kama wengine. Kikao kiwe wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mara tatu kwa mwaka. Msifanye cha Krismasi, watu wanakuwa wameshiba na wana haraka.

Wakili_Mtaani
Ya sacco: hisa na akiba hufuata fomu ya kuteua mnufaika, si wosia. Kama mwaka 1998 aliandika jina la kaka yake, ni za kaka yake, hata wosia useme nini. Pensheni na bima nazo zina fomu za aina hiyo, azikague. Aende ofisini na kitambulisho, aombe kuiona fomu ya zamani kabla ya kujaza mpya, na atoke na nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.