Msitu wa Karura na mbwa, au milima ya Ngong peke yangu?

Mkazi wa Ruaka: Hamjambo wenzangu. Nina mbwa mkubwa aliyechoka kuzungushwa uani, nami hupenda kutembea asubuhi kabla jua halijawa kali. Je, Karura wanaruhusu mbwa? Na siku ninapomwacha nyumbani, je, ni salama kupanda milima ya Ngong peke yangu?

Mzee wa Vijia: Karura wanaruhusu, mradi mbwa awe amefungwa kamba, kwa sababu msituni humo mna paa, pongo na kima, na hata mbwa mpole husahau malezi yake yote anapomwona paa akichomoka kichakani. Ninakushauri ufuate njia inayoshuka hadi kwenye maporomoko ya maji na mapango yanayohusishwa na wapiganaji wa Mau Mau. Mlima Longonot usimpeleke kabisa. Ile ni mbuga ya taifa, na wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi.

Mama Mifugo: Mkirudi nyumbani, mkague mbwa kama ana kupe masikioni, kwapani na katikati ya vidole, hasa wakati wa mvua.

Mpanda Vilele: Kuhusu Ngong, ambayo kilele chake kina takriban mita 2,460, ningekuomba usiende peke yako. Sehemu yenye mitambo ya upepo huwa na watu, lakini ukivuka hapo vilele vinafuatana na njia inakuwa na upweke, tena nyati wapo. Jiunge na kundi, au uliza langoni kama utapata askari wa kukusindikiza.

Mkazi wa Ruaka: Asanteni sana. Jumamosi tutaanza na Karura.