Kupanga oda kiwandani: tufuate rangi au tarehe ya mteja?

Msimamizi wa zamu, Nakuru
Wenzangu, ninasimamia mashine moja ya kutengeneza ndoo na mabeseni ya plastiki. Tukitoka nyeupe kwenda nyeusi, robo saa inatosha. Tukirudi kutoka nyeusi kwenda nyeupe, tunasukuma plastiki ya kutupa kwa saa nzima hadi weusi uishe. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikikusanya oda za rangi moja, na uzalishaji umepanda, ila wiki iliyopita mteja aliyechoka kungoja ndoo nyeupe alifuta oda yake. Nikifuata tarehe pekee, mashine inashinda ikisafishwa. Nyinyi mnafanyaje?

Fundi wa kalibu, Kisumu
Ndugu, anza na tarehe: oda inayotakiwa mapema itangulie. Mtafiti Jackson alithibitisha mwaka 1955 kwamba kwa mashine moja mpangilio huo hupunguza ucheleweshaji ulio mkubwa kuliko wote, mradi muda wa kubadilisha rangi hautegemei oda iliyotangulia, na hapo ndipo shida yako ilipo. Kwa hiyo ivute mbele oda ya rangi iliyo mashineni ikiwa tu hakuna oda iliyorukwa itakayopitwa na tarehe yake. Tuseme una nyeupe itakayochukua saa 6, kisha nyeusi ya saa 5, kisha nyeupe nyingine ya saa 4. Kwa mfuatano huo utamaliza baada ya saa 16 na robo. Ukizifanya nyeupe zote kwanza, utamaliza baada ya saa 15 na robo, na nyeusi ndiyo itakuwa ya mwisho. Kama nyeusi inatakiwa ndani ya saa 16, ivute mbele nyeupe ya pili. Kama ni ndani ya saa 14, kubali kusafisha.

Mpangaji wa uzalishaji, Kakamega
Nakubaliana, lakini kuna wiki ambazo oda haziwezi kutoshea hata ukizipangua vipi. Mtafiti Moore alionyesha mwaka 1968 kwamba ukizipanga kwa tarehe, na kila unapokuta ya kuchelewa ukaiondoa iliyo ndefu kuliko zote ulizokwisha kuzipanga, utapata idadi ndogo kabisa ya oda zinazochelewa. Hesabu hiyo, hata hivyo, haijui kwamba oda ndefu huenda ni ya mteja anayetulipia mishahara. Mpigie simu kabla ya kuiondoa.

Msimamizi wa zamu, Nakuru
Asanteni. Tatizo ni kwamba tarehe zenyewe huahidiwa na watu wa mauzo bila kuutazama ubao wetu.

Fundi wa kalibu, Kisumu
Basi weka mzunguko: nyeupe, njano, nyekundu, nyeusi, kisha usafishe mara moja. Wape mauzo siku za kila rangi, waahidi kwa kuzifuata.