Mnaorithi ArrayList kuokoa muda, njooni mumlipe huyu mama kilo zake

Wakuu, leo sijaja kuuliza swali. Nimekuja na hasira, naomba mnisome mpaka mwisho.

Wiki mbili sasa nahangaika na mfumo wa mapokezi ya zabibu wa chama kimoja cha wakulima hapa Dodoma. Nimeukuta, sikuuandika mimi. Waliouandika walishalipwa na wakaondoka. Kazi yenyewe ni ndogo: mkulima analeta kreti, karani anapima moja moja, mwisho inatoka stakabadhi yenye idadi ya kreti na jumla ya kilo. Hiyo jumla ndiyo pesa ya mtu. Zabibu ikishakatwa haikungoji, kwa hiyo mkulima akifika kwenye mizani hana muda wa kubishana. Anachukua karatasi, anaondoka.

Jumanne akaja mama mmoja wa upande wa Mpunguzi na stakabadhi mkononi. Kreti 14, kilo 101. Kreti moja inabeba kama kilo 20! Karani alikuwa amemjibu kwamba mashine ndiyo imepima. Mama akafungua daftari lake, kreti zote 14 kaziandika kwa kalamu, kila moja na kilo zake, chini jumla 283. Akaniambia, "Mwanangu, mimi kujumlisha najua." Nilikosa la kumjibu. Nikafungua programu pale pale, imeandikwa kwa lugha ya Java, nikakutana na hii:

class Mapokezi extends ArrayList<Kreti>

Yaani klasi (kiolezo cha programu) ya Mapokezi inarithi ArrayList, orodha ya tayari ya Java, pamoja na methodi (amri) zake zote. Kilo 182 za mama wa watu zimepotelea kwenye mstari huo.

Aliyeandika alitaka orodha ya kreti inayojua jumla yake. Badala ya kuifungia orodha ndani ya klasi yake, akairithi ArrayList nzima, kisha akaandika upya add (methodi ya kuingiza kitu kimoja) ili kila kreti ikiingia jumla ipande. Ofisini ilikubali, kwa sababu ofisini mtandao upo na kreti zinaingia moja moja. Kule kwenye mizani mtandao ukikatika, simu ya karani inazitunza kreti, na ukirudi inazituma zote kwa mkupuo. Seva inaziingiza kwa addAll, methodi ya kuingiza vitu vingi kwa pamoja. Na addAll ya ArrayList haipiti kwenye add hata kidogo, inanakili vitu moja kwa moja kwenye hifadhi yake ya ndani. Kreti 5 za kwanza zilijumlishwa, 9 za baadaye ziliingia kimya. Idadi ikasoma 14 kwa sababu orodha inajihesabu yenyewe, kilo zikabaki za zile 5. Karatasi moja inajipinga, halafu anayeonekana mwongo ni mkulima.

Zile zilizooza nazo zinaondolewa kwa removeIf (methodi ya kufuta vitu vyenye sifa fulani), ambayo hakuna aliyekumbuka kuiandika upya ipunguze jumla. Zabibu zimemwagwa, kilo zake zimebaki kwenye jumla, chama kimezilipia.

Kuna klasi ndugu yake ya magunia ya alizeti. Huko mtu aliligundua tatizo la addAll, akaiandika upya nayo iongeze jumla. Baadaye magunia yakawa yanatumwa mara mbili mtandao ukisuasua, mwenzake akabadilisha mzazi (klasi inayorithiwa) kutoka ArrayList kwenda HashSet, mkusanyiko usiokubali kitu kujirudia, ili gunia moja lisiingie mara mbili. Wazo zuri kabisa. Ila addAll ya HashSet, tofauti na ile ya ArrayList, inaita add kwa kila kitu. Kwa hiyo kila gunia la mkupuo likahesabiwa mara mbili: mara moja na addAll, mara ya pili na add. Hakuna aliyefanya uzembe hapo. Waliingia kwenye nyumba ya mtu mwingine bila kujua mabomba yamepita wapi.

Sasa msiniambie dawa ni kuandika upya methodi zote. Mwaka 2014 toleo la Java 8 lilileta methodi mpya za removeIf na replaceAll. Aliyekuwa ameziba kila tundu mwaka 2013 alifunguliwa milango mipya nyuma ya mgongo wake bila kugusa mstari. Mwaka 2023 Java 21 ikaleta removeFirst na removeLast. Mtaziba mpaka lini? Java wenyewe waliteleza hapa tangu toleo la kwanza la 1996: Stack (rundo, unaloongeza na kutoa juu tu) inarithi Vector (orodha ya kawaida), kwa hiyo unaweza kuchomeka kitu chini kabisa ya rundo. Properties (mipangilio ya maneno matupu) inarithi Hashtable (jedwali la vitu vya aina yoyote), na nyaraka zake zenyewe zinakuonya usitumie put, methodi ya kuingiza iliyorithiwa. Hawawezi kuviondoa kwa sababu programu za watu zimeshavitegemea. Nyie mnarudia kosa hilohilo kwa hiari.

Mapokezi si orodha. Mapokezi YANA orodha. Iweke ndani, private (isiguswe kutoka nje), na nje utoe vitenzi vya kazi tu: pokea, kataa, jumlaKilo. Hata hiyo jumla usiitunze pembeni, ihesabu kutoka kwenye kreti kila inapoulizwa. Kreti 14 haziichoshi seva. Siku ukihama kwenda HashSet unabadilisha ndani, na hakuna wa nje atakayejua.

Kundi la pili linaniudhi zaidi. Wanaifungia orodha vizuri, kisha wanaandika getKreti inayorudisha orodha ileile. Umefunga nini sasa? Wengine wanaizungushia Collections.unmodifiableList wanadhani wamemaliza. Ile ni dirisha tu: mwenye orodha ya ndani akiibadilisha, anayechungulia anaona mabadiliko katikati ya ripoti yake. Ukitaka picha isiyobadilika ipo List.copyOf tangu Java 10. Na bado, kama Kreti ina setKilo, mtu atabadilisha kilo ndani ya hiyo picha yako.

Sisemi kila orodha ifunikwe. Orodha ya majina ya vijiji vya kuchagua kwenye skrini iacheni ilivyo, haina sheria ya kulinda. Yenye pesa ya mtu ndani inayo.

Bahati nzuri kila kreti ilihifadhiwa na kilo zake, kwa hiyo hesabu inarudishika. Jumamosi nawapelekea chama stakabadhi za msimu mzima zilizokokotolewa upya. Mama yule nimeshampigia simu.

Lakini wale mnaotetea kurithi kwa sababu eti mistari ni michache, naomba mmoja wenu aje hapa anijibu: karani wa mizani anahitaji sort (kupanga), retainAll (kubakiza baadhi) na replaceAll (kubadilisha vyote) kwa kazi gani?