Jivu la kiwanda cha sukari badala ya sehemu ya saruji: niweke kiasi gani?

Kokoto_Nusu
Wakuu, habari za kazi. Huku Kilombero jivu la makapi ya miwa linapatikana kwa wingi kutoka kwenye boila za sukari. Nataka kupunguza saruji kwa asilimia 20 kwenye matofali ya inchi 6 na kwenye jamvi la nyumba ya kawaida. Je, inatosha kulichekecha tu na kuchanganya?

Zege_Maabara
Kuchekecha hakutoshi, mkuu. Kwanza soma mfuko wako wa saruji. Ukiona CEM II/B, ujue kiwandani wameshaweka pozolana (unga wenye silika unaoshikana na chokaa ya saruji), mawe ya chokaa au kitu kama hicho kwa asilimia 21 hadi 35. Ukitoa 20 tena, klinka (ile saruji halisi iliyochomwa) inabaki kama asilimia 52 hadi 63, na zege litachelewa mno kupata nguvu. Jivu liende na CEM I 42.5, yaani saruji ambayo karibu yote ni klinka.

Halafu jivu lenyewe. Likiwa jeusi lina kaboni isiyoungua, nayo hunywa maji. Likiwa limechomwa kupita sana nyuzi 700 za Selsiasi, silika yake hugeuka fuwele na haishikani tena na chokaa inayotoka kwenye saruji; hapo umeongeza vumbi tu. Lizuri ni la kijivu, likaushwe, lisagwe kwenye kinu cha mipira ya chuma mpaka linalobaki kwenye chujio la mikroni 45 lisizidi asilimia 34.

Usiamini rangi peke yake. Tengeneza michemraba ya mota (saruji na mchanga) ya mm 50, mingine saruji tupu, mingine yenye jivu asilimia 20, kisha ivunje siku ya 28. Ya jivu ikishindwa kufika asilimia 75 ya nguvu ya ile tupu, achana nalo.

Saiti_Mvua
Naongezea upande wa saiti. Pima kwa mizani, kwani jivu ni jepesi na ndoo itakudanganya. Anza na asilimia 10: kilo 45 za saruji, kilo 5 za jivu, maji lita 25 ukihesabu na yaliyomo kwenye mchanga. Changanya saruji na jivu vikavu mpaka rangi iwe moja. Zege litaonekana kavu, na vibarua watakimbilia maji. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Tumia kilainishi cha zege, dawa inayolilainisha bila kuongeza maji. Mwagilia siku 14 chini ya magunia, siyo 7, na mirunda isitolewe kwa kalenda ya zege la kawaida.

Kokoto_Nusu
Nimeangalia, mfuko umeandikwa CEM II/B-P 32.5N.

Zege_Maabara
P ni pozolana ya asili. Basi kwenye jamvi usiweke jivu kabisa. Kwenye matofali toa asilimia 10 ya mchanga, siyo ya saruji, uweke jivu hapo. Fyatua machache kwanza uyapime siku ya 28 kabla ya kufyatua mengi.