Esk'etemc wa Alkali Lake, Kanada: waliachaje pombe?

Swali: Wakuu, jamii hii ya asili ilitokaje kwenye ulevi? Mapenzi ya familia pekee yalitosha?

Jibu 1: Hayakutosha, ila ndiyo yaliyoanzisha. Mwaka 1972 binti mdogo wa Phyllis Chelsea, mama wa jamii hiyo, alikataa kurudi nyumbani kwa ajili ya ulevi wa wazazi. Phyllis akaacha, mumewe, Andy, akafuata. Andy alipokuwa chifu, walevi walipewa vocha za chakula na nguo badala ya pesa taslimu, na wauza pombe ya magendo wakabanwa.

Jibu 2: Tahadhari jamani: anayekunywa sana kila siku asikatishwe ghafla nyumbani. Degedege huweza kuanza ndani ya saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Akitetemeka au kuweweseka, hospitali mara moja, ndugu mmoja akae naye.

Jibu 3: Na mtoto asitumwe kuficha chupa.